Yowe Kutoka Merrylands

Merrylands, 17 Juni 2022

Kwa Papa Ronnie, Mwalimu Mbuvi, huko Penrith mwisho wa jiji la Sydney.

Ni mimi Mirindi. Usishangae kupata barua ya posta wakati kila mtu ana simu. Simu ninayo, kubwa kuliko yako, lakini injini ya lori, ile kamyo yangu, imeyala masikio yangu miaka mingi, na sasa mtu akinipigia nasikia nyuki tu. Kanisa nalo, tangu Kovidi ilitie ndani ya Zoom, silipati. Nikifungua naona pua ya mchungaji. Basi nimekumbuka kwamba mimi ni mtu anayejua kuandika. Nilijifunza kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale nikiwa tayari na mvi, na mwalimu alisema hajapata kuona mzee anakamata kalamu kwa nguvu namna ile. Nilizivunja kadhaa.

Niko naandika kwa sababu ya Bunagana. Umesikia? Jumatatu waasi wa M23 wameikamata. Ile Bunagana ya mpakani na Uganda, mimi nimelala huko kuliko wewe ulivyolala kwenu Machakos. Hakuna shofere aliyeijua barabara ile kama mimi. Kuna kona ya mlima ambapo wengine walishusha abiria watembee kwa miguu. Mimi niliipita nikiimba. Na nyuma ya waasi hao kuna nani, kila mtoto wa Kivu atakuambia. Kuna nchi ndogo yenye jeshi kubwa.

Sasa swali langu kwako, Mkenya. Ninyi mna jeshi, mna ndege, mna bandari. Mwaka huu huu mmetuingiza sisi Wakongo katika Afrika Mashariki mkatupigia makofi. Mnangoja nini? Kwetu Walungu, yowe likipigwa kila mwanaume anatoka na kilicho mkononi. Kama alikuwa anakula, anatoka na kijiko. Asiyetoka analipa mbuzi, na mbuzi huyo analiwa mbele ya macho yake, hapewi hata mfupa wa kunyonya.

Dada yangu Chibalonza, ndiye mmoja aliyebaki wa tumbo letu, aliolewa Kiwanja, karibu na Rutshuru. Kutoka Bunagana hadi kwake si mbali. Kamyo yangu ilikuwa inafika kabla chai haijapoa. Wale nao wana magari.

Jibu haraka. Hapa nyumbani tuko wengi, Divine na mume wake na watoto, kelele tu, hata kuandika ni kazi. Divine ameisoma barua hii akasema haina kosa hata moja.

Mirindi, shofere mkuu


Penrith, 24 Juni 2022

Baba Divine,

Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Nilidhani posta ya Australia siku hizi inaleta vipeperushi vya pizza tu. Asante kwa kunikumbuka. Huku kwa binti yangu Zilpah mambo ni yale yale. Yeye ni zamu za hospitali, wajukuu ni shule, mimi ni nyasi za uani na ndege wanaonitukana kutoka juu ya paa.

Kuhusu dada yako, nimemtaja katika sala. Nasema hivyo kwanza, ili usidhani nitakayosema sasa yametoka kwa mtu asiye na moyo.

Wewe unaomba jeshi kama mtu mezani anavyosema leta chumvi. Ngoja kwanza. Kwanza wanaolaumiwa wanakana, na nchi haiwezi kupigana na mtu kwa sababu kila mtoto anajua. Mimi naona jirani akitishwa, wajibu wetu ni kusema waziwazi, bila kumung'unya maneno, kwamba mpaka wa mtu hauvukwi. Tuwapokee wanaokimbia, tuwabane wakubwa wakae chini, tuwanyime faida wale wanaonufaika. Jeshi likiingia, Mzee, mlango wa kutokea huuoni. Tulienda Somalia tukaambiwa ni jambo la muda mfupi. Sasa hesabu mwenyewe. Na kwenu si wapo wale wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu? Wamekaa tangu nywele zako zikiwa nyeusi.

Jambo lingine. Unamjua Ronnie wangu, kitinda mimba. Yeye ni sajini huko Nanyuki. Watu wakisema "Kenya itume jeshi", wao wanaona bendera. Mimi naona uso mmoja wenye kovu la tetekuwanga juu ya nyusi. Mkataba wake unaisha mwisho wa Oktoba, na Zilpah anamshughulikia viza aje huku. Tangu mama yao afariki sijakaa na mwanangu meza moja. Usinitumie mtu wangu vitani, bana, nimemngojea sana.

Barua yako niliipiga picha nikamtumia. Amecheka sana habari ya kijiko.

Wako,
Mbuvi


Merrylands, 1 Julai 2022

Papa Ronnie,

Unaandika kama mwalimu kweli. Mtu anaungua, wewe unamwambia tuanze na herufi a. Maneno mazuri, lakini Chibalonza hawezi kuyafungia mlango.

Sikusema Ronnie aende. Kenya ina basoda wengi, wanajeshi tele. Waende wale wengine.

Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Unakumbuka mwaka jana, lokidauni ile walipotufungia sisi wa mitaa ya huku, wakatuma wanajeshi watembee na polisi mlango kwa mlango? Waligonga kwangu pia. Nilichungulia nikaona nguo za madoadoa. Nikavaa viatu kwanza, maana kwetu soda wa jeshi akigonga unavaa viatu, hujui utakimbia mpaka wapi. Nikafungua. Vijana wawili, hawana bunduki, mmoja ana chunusi. Akaniandikia kwenye simu yake, simu ikayageuza kuwa Kiswahili: una chakula? Una dawa? Nikasema nina vyote, mimi ni mtu mwenye mali. Wakainua dole gumba wakaenda. Papa Ronnie, nilikaa na viatu vyangu mpaka jioni. Tangu nizaliwe, soda hajawahi kuniuliza kama nimekula. Kila mara ni yeye aliyekuwa na njaa.

Basi nataka mtu wa namna hiyo agonge kwa Chibalonza. Hilo tu. Akija na bunduki pia sikatai.

Mimi ningekuwa rais wenu, hata wiki isingeisha. Ningewatuma kwa barabara ya Kampala, na mbele ya msafara ningemweka shofere anayejua kona.

Watoto wanakusalimu. Leo wamemwaga maziwa.

Mirindi


Penrith, 19 Julai 2022

Baba Divine,

Nimekujibu tarehe saba na hujasema kitu. Si kawaida yako kuachia mtu mwingine neno la mwisho. Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Huku Kovidi imerudi kwa nguvu, wagonjwa wa Zilpah wamejaa mpaka kwenye korido. Mwambie Divine anipigie.

Mbuvi


Penrith, 27 Julai 2022

Baba Divine,

Naandika nikiwa bado na koo linaloniwasha kwa zile kelele za jana. Nadhani Merrylands nzima sasa inajua tuna umri gani.

Nilipanda treni na barakoa yangu, nikabadilisha Parramatta, nikashuka kwenu na mfuko wa unga na chupa ya uji. Mlangoni mwa jengo nikamkuta mama mmoja amevaa kitenge, nikamwuliza kwa Mirindi ni wapi. Akasema, "Yule mzee wa peke yake?" Nikamwambia hapana, mama, ninayemtafuta ana nyumba iliyojaa wajukuu. Akanitazama hivi. "Baba, humu Mirindi ni mmoja tu. Binti yake walihamia Perth mwaka jana na mume wake."

Nikazunguka nyuma. Kwenye kamba yako kulikuwa na shati moja na soksi mbili. Ukafungua dirisha la juu umejifunga blanketi kama chifu, ukanipigia kelele, "Rudi! Nina ugonjwa!" Nikakuuliza Divine yuko wapi, ukasema ameenda dukani. Dukani Perth, Baba Divine? Huko ni safari ya ndege ya saa tano!

Sikucheka wakati ule. Nimecheka kwenye treni, halafu nikaona nimebaki peke yangu kwenye behewa mpaka Penrith.

Sitakuuliza kwa nini ulinificha. Mimi nina nyumba yenye watu na kuna siku nzima inapita sijaitwa jina langu. Uji niliouacha kwenye chupa unywe wote. Zilpah anasema ukishindwa kuvuta pumzi, usijifanye shujaa, piga namba ya dharura na uwashe taa ili wakuone.

Ninakuja tena ukipona.

Mbuvi


Merrylands, 3 Agosti 2022

Papa Ronnie,

Kovidi imenikuta, imenijaribu, imeshindwa. Kile kijiti cha puani kimeonyesha mstari mmoja. Daktari wa simu alishangaa kifua cha mzee kama mimi. Wewe ungekufa.

Perth si mbali. Ni nchi hii hii. Divine hupiga simu ya picha kila Jumapili, midomo yao inatembea, mimi natikisa kichwa. Yule mama wa kitenge ana mdomo mrefu. Tuyaache hayo.

Uji wako ulikuwa mwepesi kama maji ya kuoshea mchele. Nimeumaliza.

Lakini umejifunga mwenyewe, Mwalimu! Nilikuwa kitandani siku zile nikawaza, nikacheka mpaka kikohozi kikaja. Mimi nilipiga yowe? Sikupiga. Nilikuita? Nilikufukuza. Wewe ukapanda treni na unga wako, hukuuliza kwanza nani ameleta ugonjwa, nani anakana, mlango wa kutokea uko wapi. Ulijua tu kwamba jirani yako amenyamaza. Sasa kama Mbuvi mmoja mwenye magoti mabovu ameweza, kwa nini nchi yake yenye ndege inataka kubembelezwa?

Ijibu hiyo. Na usijibu kwa Somalia.

Mirindi, aliyeishinda Kovidi


Penrith, 20 Septemba 2022

Mzee Mirindi,

Ile barua yako ya Agosti nilimtumia Ronnie kama zile nyingine. Nilifanya hivyo kwa sababu zinamchekesha, na mwanangu akicheka kwenye simu nasikia sauti ya mama yake. Kosa hilo ni langu na nimekwisha kujilaumu.

Jana amenipigia. Viza imetoka. Nilianza kumwambia habari ya koti, kwamba asinunue Nairobi, nitampa langu. Akasema, "Baba, ngoja. Wanatafuta watu wa kwenda Congo. Nikiongeza mkataba, nitakuwa kwenye kundi la kwanza." Nikamwambia umelogwa wewe. Akasema, kwa upole, hata sauti hakuipandisha, "Ulienda Merrylands bila kuitwa, Baba. Mimi nimeitwa. Yule mzee ana dada."

Nimemfundisha miaka yote asinijibu. Siku aliyonijibu amenijibu kwa maneno yako.

Ana mpaka mwisho wa Oktoba kusaini. Mimi hanisikii tena, anadhani ni upweke unaonisemesha, na labda ni kweli. Wewe atakusikia. Mwandikie. Mwambie asiende. Ulimwita wewe, mrudishe wewe. Sikuombi kingine.

Mbuvi


Merrylands, 2 Oktoba 2022

Papa Ronnie,

Siwezi.

Ungeniomba figo ningekupa, na figo zangu ni nzuri. Hili siwezi. Chibalonza amekataa kutoka Kiwanja. Mtoto wa jirani yake alinitumia ujumbe. Watu wanafunga magodoro, yeye anasema maharage yako shambani na kaburi la mume wake liko nyuma ya nyumba, nani atalipalilia. Waasi wako kwenye milima pale juu. Na unataka nimwambie mtu mmoja aliyekubali kuja kwamba asije?

Mwanao ni mwanaume. Ana moyo kuliko baba yake. Nenda ukawaambie Penrith wote kwamba Mirindi amesema.

Mirindi


Penrith, 10 Oktoba 2022

Mzee,

Kwetu Ukambani yowe lipo pia. Nimekaa nikijiuliza mbona lenu lina nusu moja. Kwetu aliyepiga yowe lazima akutwe mbele ya wote, karibu na hatari kuliko mtu yeyote. Akikutwa amekaa mbali anaelekeza watu kwa kidole, yowe hilo si yowe, wanaume wanarudi makwao, na hakuna anayelipa mbuzi.

Kwenu si hivyo? Niambie tu kama kwenu si hivyo.

Mbuvi


Merrylands, 24 Oktoba 2022

Papa Ronnie, kwetu ni hivyo hivyo. Barua hii ni ya mtoto. Isome kisha umpelekee.

Kwa Sajini Ronnie Mbuvi,

Mwanangu, ni mimi Mirindi, rafiki wa baba yako, yule wa kijiko. Nimesikia unataka kwenda kwetu. Usiende.

Mimi ndiye nilisema Kenya itume basoda. Nilisema kama vile basoda wanaota shambani kama mahindi, mtu anavunja tu anapika. Nilipoambiwa kuna mmoja anaitwa Ronnie nikasema waende wengine. Sasa nimewaza wale wengine, na kila mmoja ana mzee wake mahali fulani anayefua shati moja.

Unisikilize vizuri. Kwa desturi yetu, na ya kwenu vilevile, baba yako amenikumbusha, anayepiga yowe anakimbia mbele. Mimi nimekupigia yowe nikiwa nimekaa kwenye kochi Merrylands, hita iko miguuni, televisheni inawaka. Yowe la namna hiyo halimfungi mtu. Hata mbuzi hudaiwi. Mimi Mirindi nimelipiga, mimi Mirindi nimelifuta.

Tena kuna habari njema. Dada yangu Chibalonza amekwisha kutoka Kiwanja. Alipanda gari wiki iliyopita, yuko Goma kwa watu wa kanisa, amepewa chumba, anakula samaki wa ziwani, anatukana watu kama kawaida yake. Kwa hiyo huna mtu wa kumlinda huko. Mlango ule uliotaka kusimama mbele yake umefungwa na kufuli, mwenyewe ameondoka na ufunguo.

Njoo Sydney. Baba yako amekutunzia koti. Ukimwona utadhani ni mtu mkali, lakini jana na juzi na mwaka wote amekuwa akitembea kwenye nyasi za uani akikungoja. Mimi najua, maana nina watu wangu ninaowangoja, na nyumba ya anayengoja naijua harufu yake.

Siandiki hivi kwa woga. Mimi siogopi kitu. Nimeandika kwa sababu ni kweli.

Mirindi wa Walungu


Penrith, 12 Novemba 2022

Ndugu yangu Mirindi,

Barua yako kwa Ronnie sikuituma.

Ilinifikia Alhamisi, tarehe ishirini na saba Oktoba. Nilifurahi, sitakuficha. Niliipiga picha pale pale jikoni, nikatafuta jina lake kwenye simu. Kisha nikafika kwenye ile habari njema. Nikachukua barua yako ya tarehe mbili, nikaziweka sambamba juu ya meza. Mtu anayelinda kaburi la mume wake haondoki ghafla hivyo; dada yako hajatoka Kiwanja. Hajapanda gari lolote. Umemtoa kwa kalamu ili mtoto wangu asione haya kuja kula na mimi.

Nikaweka simu chini. Nikasema nitamtumia kesho. Jumamosi redio ikatangaza Rutshuru imeanguka, na Kiwanja.

Jumapili akapiga. Alikuwa na karatasi mbele yake na alikuwa bado hajaisaini. Akaniuliza, "Mzee Mirindi amesema nini?" Ningeweza kumsomea. Ndiyo barua nzuri kuliko zote ulizowahi kuandika na ingemrudisha, namjua mwanangu. Kwa ajili hiyo hiyo nikashindwa. Nilimwambia hujaandika. Nikamwambia Kiwanja kumeanguka, akasema anajua. Kisha akasema, "Baba, hilo koti ulitunze tu."

Kundi la kwanza limeshuka Goma leo. Nimeona picha za ndege, nikatafuta uso wangu mmoja, wote wamevaa kofia.

Bado nasema nchi isiharakishe jeshi. Nitasema hivyo mpaka nife, na kama hili litaharibika utanisikia nikilisema tena. Lakini mwaka huu wote nimekuwa nikijibu kama nchi, na wewe ulikuwa unaniuliza mimi. Hilo nimelielewa na barua yako mkononi, nikiwa nimechelewa.

Umepata neno lolote kutoka kwa Chibalonza?

Mbuvi


Merrylands, 16 Novemba 2022

Papa Ronnie,

Ulikosa! Ungeituma! Nani alikuambia upime maneno yangu? Nilikupa mwanao mkononi, amefungwa kama zawadi, ukamrudishia upepo. Nimeipiga meza mpaka kikombe kimevunjika. Mtu anadanganya mara moja kwa faida ya mwenzake, naye mwenzake anageuka mwalimu anasahihisha.

Nimepumzika kidogo. Naendelea.

Kwa Chibalonza hakuna neno. Yule mtoto wa jirani simu yake haiiti tena. Wanasema watu wamekimbia wengi, wengine wako Kanyaruchinya, nje ya Goma, kwenye mawe meusi ya volkano, wamejenga vibanda kwa maturubai. Wengine hawakukimbia. Nimeangalia picha hizo mpaka macho yamewaka. Wanawake wote wamejifunga kitenge, wote wameinama.

Sasa nimeanza kuogopa kitu kingine. Naona basoda wa Kenya wamesimama Goma mjini, wamepangwa vizuri, na Kiwanja iko mbali. Labda hawatafika kule. Labda wewe ulikuwa na haki tangu mwanzo, na mimi nimetoa mtoto wa watu ili asimame kwenye barabara ambayo dada yangu hayupo. Usinijibu hilo.

Mwambie Ronnie mambo haya, ni ya kweli yote. Kule usiku kuna baridi, wasimdanganye kwamba ni Afrika. Kona ya baada ya Rugari, ukitoka Goma kwenda Rutshuru, asiipite mbio, mimi nilisema niliipita nikiimba, sikuimba. Niliteremka nikatembea kama abiria wengine, utingo ndiye aliyeipitisha kamyo. Akiona wazee wanawake awaamkie kwanza kabla ya wanaume, watamwambia ukweli wa njia. Na awe na woga. Mwambie Mirindi amesema awe na woga mwingi, hakuna atakayemcheka, na nikisikia anajifanya shujaa nitamchapa.

Akimwona mama mfupi anayemkaripia kwa kuvaa viatu kwenye mlango wake, asibishane, avue.

Na wewe acha kuangalia ile simu peke yako huko jikoni. Panda treni Jumamosi. Nimenunua godoro la pili, ni zuri, linazidi la kwako, nimeliburuta ngazi zote bila msaada wa mtu. Simu utaikamata wewe, maana mimi siisikii. Iwe habari ya kwako au ya kwangu, ikija itukute tumekaa wote wawili.

Mirindi